Hapa Usiandike

Tajudin, meneja wa soko letu la bondeni hapa Bwaise, Kampala, alikuja na vijana wawili, kufuli jipya lililokuwa bado ndani ya plastiki yake, na karatasi moja. Alinikuta kwenye meza ya mke wangu Ayaa, nikipepeta ufuta.

"Mzee Ocira," akaanza, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa adabu kwenye semina, "pole sana kwa msiba."

"Pole ulishanipa makaburini. Sema kilichokuleta."

"Meza hii inarudi ofisini. Sheria ya soko unaijua: mwenye meza akifariki, inakwenda kwa mume wake au mke wake. Kama hakuna, tunampa anayengoja."

"Mume si ndiye huyu unayesema naye?"

Akaninyooshea ile karatasi. "Mfumo hauonyeshi mume."

Niliisoma polepole. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini herufi kubwa nazimudu. JINA: AYAA SANTA. SAFU: NAFAKA. BIDHAA: UFUTA, KARANGA, MAHARAGE. HALI: MAREHEMU. Basi. Kutoka hapo karatasi ilikuwa nyeupe mpaka chini, kana kwamba yule mwanamke alizaliwa na ufuta mkononi, akafa nao, na katikati hapakuwa na mtu.

Moreen, jirani wa meza ya nyanya, alikuwa amekwisha sogea. Kiswahili chake ni cha Kawempe, kinakwenda kinapotaka. "Banange! Tajudin, hii mzee tunaona yeye hapa kila siku anabeba magunia ya Ayaa. Kama si bwana yake, ni punda yake?"

Watu wakacheka. Tajudin hakucheka. "Nnyabo, mama, mimi sibishani na wewe. Ni mfumo unaosema."

Nikatoa cheti cha ndoa, kile tulichopewa na padri wa kambi ya polisi, kimekunjwa hata mikunjo yake imetoboka. Tajudin alikitazama jinsi mtu anavyotazama noti ya zamani isiyotumika tena. "Hiki hakimo kwenye mfumo, mzee. Ijumaa nafunga."

Nimekuwa dereva wa lori la polisi mpaka meno yakaanza kunitoka. Nimebeba wezi wa kuku, walevi, hata askofu mmoja wa uongo. Sijawahi kuambiwa nenda ukaukamate mfumo. Ndiyo maana wakubwa wanaupenda. Zamani mkubwa akikuonea, ulimjua uso, ulimjua na nyumba anayolala. Siku hizi anakuonea halafu anakwambia si mimi, ni mashine, na yeye mwenyewe anakusikitikia. Mwaka huu maji yaliingia sokoni mpaka kwenye magoti, Ayaa akashinda humo akiokoa magunia, kifua kikamshika, akafa. Niliuliza nani alipaswa kuzibua mifereji. Nikajibiwa kwamba ni suala la bajeti. Bajeti nayo haina uso.

Sasa walitaka na meza. Pensheni yangu wanajua wao wameiweka wapi. Mimi nakula kwenye ile meza. Ukinitoa pale, umenitoa mjini.

*

Kesho yake nilipanda boda mpaka Kabalagala, kwa Umulkheir. Huyu ni binti wa mdogo wake Ayaa, yule aliyeolewa na wenye duka Waislamu. Ayaa alimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani ni wake. Amesoma kompyuta, na kampuni anayofanyia kazi ndiyo iliyoiandikia ofisi ya soko ile programu. Ofisi yao iko ghorofani juu ya baa, na saa ile ya asubuhi baa inapigwa deki, harufu ya bia ya jana inapanda ngazi pamoja nawe.

"Shikamoo, baba mkubwa. Keti. Umekunywa chai?"

"Marahaba. Chai baadaye. Nani amenifuta?"

Akaisoma karatasi. Akaisoma tena, ingawa haikuwa na maneno ya kusomwa mara mbili. Kisha akainuka akafunga mlango.

"Baba mkubwa, ndani ya programu kila mtu ni kitu."

"Hilo si jipya. Wakubwa wametufanya vitu tangu zamani."

"Ngoja kwanza. Ni kitu chenye mifuko. Mfuko wa jina, mfuko wa bidhaa, mfuko wa hali. Mama mkubwa alikuwa na mfuko wa mume, na ndani yake umo wewe. Siyo jina lako tu. Wewe mzima, na mifuko yako yote."

"Vizuri."

"Na wewe una mfuko wa mke."

"Ndani yumo Ayaa."

"Ayaa mzima, na mifuko yake." Alinitazama kuona kama namfuata. Nilikuwa namfuata. "Sasa, vitu hivi vinaishi ndani ya mashine tu, ikiwa inafanya kazi. Ukitaka kuvipeleka kwa meneja, au kuvichapa, lazima vigeuzwe maandishi. Kazi hiyo hatuiandiki wenyewe. Tuna maktaba. Siyo ya vitabu. Ni kazi iliyokwisha kuandikwa na watu wengine huko, sisi tunaichukua na kuiambia: huyu hapa, mfanye maandishi. Inafungua mfuko mmoja mmoja na kuandika kilichomo."

"Ikifika kwenye mfuko wa mume?"

"Ndipo penye shida. Njoo uone."

Akavuta kiti changu karibu. Kwenye kioo cha kompyuta akafuta kamstari kamoja, kafupi, akabonyeza. Maandishi yakaanza kushuka. Ayaa Santa, mume, Ocira Lawrence, mke, Ayaa Santa, mume, Ocira Lawrence, mke, Ayaa Santa. Kila mara yalisogea kidogo kulia, kama ngazi, yakafika ukingoni, yakaendelea kukimbia mpaka macho yangu yakashindwa kuyafuata. Padri alitutaja pamoja mara moja, na hata hiyo alikosea kutamka jina langu. Hiki kidude hakikutaka kunyamaza.

"Nisimamishe?" akauliza Umulkheir.

"Iache."

Lakini ilisimama yenyewe. Mistari myekundu ikajaa chini ya kioo.

"Imeishiwa nguvu," akasema. "Inamfungua yeye inakukuta wewe, inakufungua wewe inamkuta yeye. Haina pa kumalizia."

"Imechoka kabla yetu."

Alikarudisha kale kamstari mahali pake, na vidole vyake havikuwa vyepesi tena. "Kwa hiyo tunaweka alama upande mmoja. Inaiambia maktaba: mfuko huu uruke, hapa usiandike. Hapo mzunguko unakatika."

"Upande gani?"

"Wa mke. Mke haandikiwi mume."

"Kwa nini wa mke?"

"Bosi alisema mkuu wa nyumba ni mwanamume. Mwandike mwanamume, na mke wake ndani yake, inatosha. Uzinduzi ulikuwa kesho yake, mgeni wa heshima anakuja kukata utepe, na mashine inazunguka tu. Nikaiweka." Akanigeukia. "Ni mimi, baba mkubwa. Neno lilikuwa lake, mkono ulikuwa wangu."

"Na huyo mwanamume anaandikwa wapi?"

"Kwenye karatasi yake mwenyewe, kama ni mfanyabiashara wa soko."

"Mimi sina meza sokoni."

"Basi huna karatasi. Ulikuwa unaonekana ndani ya mama mkubwa peke yake."

Nilitaka kupasua kitu. Soko lile ni la wanawake. Wanaume ni wale wa nyama, wanaochaji simu, na wanaokuja jioni kuuliza kuna nini cha kula. Mtu yeyote aliyewahi kununua fungu la nyanya Bwaise anajua. Nikamwuliza: "Wewe hukulijua hilo? Wewe uliyejifunza kupima karanga chini ya ile meza?"

"Nililijua."

"Ukanyamaza."

"Hakuna aliyeniuliza. Na ningesema, ningeambiwa naleta mambo ya sokoni ofisini."

"Programu ya soko, halafu mambo ya sokoni ni mwiko?"

Machozi yalimlenga, lakini ni mtoto wa ukoo mgumu, hayakudondoka. Akasogea karibu. "Nisikilize, baba mkubwa, kuna dawa. Badala ya kumwandika mume mzima, naiambia maktaba iandike jina lake tu, isifungue mifuko yake. Haizunguki, na hakuna anayepotea. Ni kazi ndogo. Nina ruhusa ya kuingia bado. Nafanya sasa hivi, Ijumaa Tajudin anachapa anakukuta umo. Hakuna atakayejua."

Meza ilikuwa pale, umbali wa kubonyeza kidole.

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Walinifuta mchana, wamekaa kwenye viti. Wataniandika mchana, wamekaa kwenye viti. Mimi siingii kwa mke wangu kupitia dirishani."

"Baba mkubwa, utaipoteza meza kwa ajili ya kiburi."

"Kiite utakavyo. Chai iko wapi?"

*

Alhamisi Tajudin akaniita ofisini. Soda, kiti chenye mto, feni inanipepea mimi badala yake. Nikajua kuna jambo.

"Mzee, tumekufikiria. Wewe ni mtu wetu, umelitumikia taifa. Hatutaki kelele. Unajaza kama mwombaji mpya, meza inakuwa yako leo leo. Sahihi moja tu."

Nikachukua fomu nikaisoma yote, yeye akigongagonga kalamu. Chini kabisa ilisema: *Ninathibitisha kwamba kumbukumbu za marehemu ni sahihi, na kwamba marehemu hakuacha mume.*

"Sentensi hii ya nini?"

"Ni ya utaratibu. Ili wewe na mfumo msigongane."

"Kwa hiyo mimi ndiye nipinde?"

"Mzee wangu, ni maneno tu."

"Na yale yaliyonitoa kwenye karatasi yalikuwa nini, mawe?"

Akashusha pumzi. Sitamsingizia, hakuwa mtu katili. Angekuwa katili ningemwelewa haraka zaidi. Alikuwa mtu anayetaka Ijumaa ipite salama. "Fikiria tumbo lako," akasema. "Marehemu hawezi kuumia. Weka sahihi, ukauze ufuta wako."

Nilifikiria tumbo langu. Nilifikiria chumba changu na mwenye nyumba wangu, na umri wangu, na nani Kampala anaajiri dereva anayetazama barabara kwa jicho moja. Kalamu ilikuwa mkononi. Kisha nikafikiria kwamba nikiandika hapo, nitakuwa nimefanya kwa mkono wangu kile ambacho wao walikifanya kwa uzembe. Wao hawakumjua. Mimi nilimjua.

Nikairudisha kalamu juu ya meza yake. "Soda yenu imeisha utamu."

"Kesho nakuja na kufuli."

"Njoo na mawili."

Jioni nikamweleza Moreen, kwa namna niliyoelezwa, mifuko na yote. Alisikiliza huku akipanga nyanya, nzuri mbele, za kulainika nyuma. Ghafla akasimama.

"Ngoja kwanza. Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Ssentongo wangu hayumo? Ile mwanaume kubwa vile?"

"Hayumo. Hakuna mwanamke wa soko hili aliye na mume kwenye karatasi za ile mashine."

Alicheka mpaka akakaa juu ya kreti. Kisha kicheko kikamwishia usoni, nikaona ameifikisha hesabu mahali ambapo mimi nilikuwa. "Kwa hivyo nikikufa, Ssentongo anafukuzwa kama wewe. Na watoto wangu wanakula upepo."

"Ndivyo."

"Kale, haya basi," akasema, na akaanza kufunga meza mapema.

*

Ijumaa walikuja kabla jua halijakausha matope. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya meza, nimeketi katikati ya magunia. Kijana mmoja wa kufuli akanishika mkono.

"Shuka, mzee."

"Nishushe. Lakini ujue utanibeba mpaka nyumbani, maana miguu hii leo haishuki. Na ni Kawempe, mlimani."

Akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama pembeni.

Hapo ndipo Moreen alipotokea upande wa ofisi, na nyuma yake safu nzima ya mboga, na nyuma yao wa samaki, visu bado mikononi kwa sababu walikuwa kazini. "Ssebo Tajudin! Nataka karatasi yangu."

"Nnyabo, leo nina kazi nyingine."

"Sheria inasema kila mfanyabiashara anapewa karatasi yake akiomba. Wewe mwenyewe ulibandika ukutani."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi, nyuma ya kichwa chake. Akaingia, akachapa. Moreen akaipandisha juu kila mtu aione. Jina, safu, nyanya, HALI: HAI. Hakuna mume.

"Na mimi!" akasema Jamilah wa samaki. Ikachapwa. Hakuna. Na mwingine. Na mwingine.

"Mimi watoto wangu sita nimewaokota wapi, kwenye taka?"

"Nikah yangu sheikh alisoma masaa mawili! Alikuwa anasoma menyu?"

"Mimi wangu mwacheni hivyo hivyo," akapaza sauti mama mmoja wa mihogo. "Nawaomba, msimrudishe!"

Soko likapasuka kicheko, hata kijana wa kufuli akageuza uso. Tajudin alikuwa anajifuta jasho. "Akina mama, ni hitilafu ndogo."

"Ndogo?" Moreen akamfuata mpaka mlangoni. "Soko mzima haina bwana, wewe unaita ndogo? Leo unafunga ya Ayaa. Nikikufa kesho unafunga yangu. Mnangoja sisi tukufe mmoja mmoja, ndiyo biashara yenu?"

Hapo hakukuwa na aliyecheka. Wakakaa. Wote, kwenye kizingiti cha ofisi, kwenye ngazi, juu ya ndoo zilizopinduliwa, samaki wakianza kunuka juani. Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka. Tajudin alipiga simu, akapiga nyingine. Kila aliyempigia alimpa namba ya mtu mwingine, nami nikiwa juu ya meza nikimtazama nilifurahi, sitaficha, kumwona na yeye akizungushwa.

Adhuhuri kampuni ikafika. Bosi wa Umulkheir, mtu mnene mwenye kitambulisho kinachoning'inia tumboni, alitangulia akikwepa madimbwi. Umulkheir alikuja nyuma na kompyuta yake kifuani. Bosi akawahutubia akina mama kwamba kampuni inathamini maoni yao, na kwamba toleo jipya litatoka mwezi ujao baada ya vikao.

"Kikao ndiyo hii," akasema Jamilah. "Keti. Ndoo iko."

Umulkheir hakungoja. Alipindua kreti ya nyanya, akaketi juu yake pale kwenye matope, akafungua kompyuta magotini.

"Usiguse chochote bila idhini yangu," bosi akamwambia, sauti ya chini.

"Bosi, alama hii niliiweka kwa neno lako. Naitoa kwa neno lao."

"Unajua maana yake kwako?"

"Najua."

Alifanya kazi wanawake wakimwinamia mabegani, wasioelewa hata herufi moja lakini wakimlinda kama anayezalisha. Bosi alisimama kando, anafungua simu, anaifunga. Angeweza kumpokonya ile mashine. Ila palikuwa na visu vingi vya samaki. Umulkheir akainua kichwa. "Sasa chapeni ya mama mkubwa."

Karatasi ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwangu juu ya meza. AYAA SANTA. NAFAKA. UFUTA, KARANGA, MAHARAGE. MAREHEMU. MUME: OCIRA LAWRENCE.

Jina tu. Maktaba haikunifungua mifuko, haikuzunguka, iliniandika ikapita. Nikaisoma mpaka mwisho, kisha nikashuka mwenyewe, kwa miguu yangu.

Akina mama walikuwa wamejazana dirishani kudai waume zao. Mama wa mihogo naye alikuwa kwenye foleni. Umulkheir alikuwa anaingiza kompyuta kwenye begi; bosi wake alikuwa amekwisha kumwambia asirudi Kabalagala Jumatatu, alilisema mbele ya watu wote, kana kwamba hilo nalo ni utaratibu. Moreen akamfungia nyanya bila kuulizwa. "Chukua, mwanangu. Bosi kama hiyo ni mzigo."

Kisha Tajudin akanijia, ameshapata pumzi, simu mkononi, yule bosi ubavuni mwake. Ajabu ya wakubwa ni jinsi wanavyokauka haraka baada ya kulowa.

"Mzee Ocira, simama hapa, shika karatasi yako juu kidogo, tupige picha. Tutaonyesha kwamba ofisi inawasikiliza wananchi wake."

"Sisimami."

"Ni picha moja tu, mzee. Mambo si yamekwisha?"

"Yamekwisha? Huyu binti mmemfukuza kazi kwa kufanya kazi. Mpigeni picha yeye, muandike chini kilichompata."

Bosi akatabasamu tabasamu la kitambulisho. "Basi angalau sema asante, mzee. Si kila ofisi ingekubali."

"Asante ya nini? Ya kuniambia kwamba nilikuwa na mke? Nilikuwa naye kabla hamjainunua hiyo mashine."

Mteja alikuwa amesimama nyuma yao na bakuli lake, anatafuta pa kupita. Nikamwomba meneja asogee, maana alikuwa ananizibia njia, nikachota ufuta.